Mchanga wa Mama Tofali

Wakati nusu ya mji wa Singida ilikuwa ikichota mchanga ziwani, Mama Tofali alikuwa akiurudisha. Ingekuwa rahisi kumsifu kwa hilo kama yeye mwenyewe asingekuwa mfyatuaji mkubwa wa matofali ya saruji kuliko wote mtaani kwetu. Nilipokuwa msichana mdogo sikuona tatizo: nilidhani watu wazima wote hufanya mambo mawili yanayopingana, na kwamba hiyo ndiyo busara yenyewe. Baadaye nikaenda chuo kikuu, nikafundishwa kuuliza, na nilipokuja likizo nikaanza na yeye, kwa sababu alikuwa jirani na kwa sababu hakuwa mwepesi wa kukasirika.

Uwanja wake ulitenganishwa na ua wetu kwa ukuta mmoja. Asubuhi tuliamshwa na sepetu zikikoroga saruji, halafu kalibu za matofali zikigongwa, halafu sauti yake ikimuuliza kijana fulani kama anafyatua tofali au anakanda mkate. Alivaa suruali ya kiume ya mitumba, mabuti ya mvua, na juu ya vyote kanga mbili, maana hakutaka mtu aseme kazi imemvua ustaarabu. Suruali hiyo ilikuwa imebanwa kiuno na mumewe. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye sindano mdomoni, ambaye kwa miaka mingi alishonea watu suti za harusi kwenye baraza ya nyumba yao. Biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yakaingia hadi mnada wa kijijini, na hakuna aliyetaka tena kushonewa suti. Fundi akageuka kuwa mbanaji wa viuno vya Wazungu.

"Mke wangu anajenga mji," alikuwa akiwaambia wateja, "mimi napunguza makalio."

Mlango uleule uliofungwa kwa mume ndio uliofunguka kwa mke. Zamani saruji ilitoka kwa kibali. Asiye na mjomba ofisini alijenga kwa udongo, akamwomba Mungu mvua ya kiasi. Kisha saruji ikaanza kuuzwa dukani kama unga, na kila mtu aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza, kuanzia sisi wa mjini mpaka watu wa Misigiri na Nduguti, akataka nyumba ya tofali. Mama Tofali alikuwa wa kwanza mtaani kuliona hilo. Aliuza cherehani ya pili ya mumewe akanunua kalibu. Nilipomuuliza kama alimwomba ruhusa, alinijibu, "Nilimpa taarifa."

Matofali yake ya mwanzo yalikuwa aibu tupu. Mchanga aliutoa pale palipo karibu, ufukweni mwa ziwa Singidani, na hakuna aliyefikiri kwamba ziwa la magadi litatoa mchanga wa magadi. Nyumba ya kwanza aliyoiuzia matofali ilikuwa ya karani mmoja wa mjini. Haikupita masika moja, kuta zikaanza kutoa unga mweupe kama ukoga. Siku moja karani akaja uwanjani anahema.

"Mama Tofali! Mbuzi wanakula nyumba yangu!"

"Wanaila au wanailamba?"

"Wanailamba! Na ng'ombe wa jirani naye amejifunza!"

"Kama wanalamba tu, itadumu."

Vijana walicheka mpaka wakaangusha kalibu. Lakini jioni ileile alikwenda hadi kwa karani, akawasukuma mbuzi, akaweka ulimi wake ukutani mbele ya mwenye nyumba na mkewe. Akatema. "Kweli," akasema, "nimekuuzia chumvi." Kesho yake aliivunja shehena nzima iliyokuwa uwanjani, akamwamuru dereva wake, Mnyiramba mmoja mrefu mwenye maneno mengi, asichote tena ziwani bali kwenye mito mikavu, mbali, kwa gharama yoyote.

Hapo ningependa kusema kwamba toka siku hiyo hakuligusa ziwa. Si kweli. Dereva aliniambia siri ambayo haikuwa siri: oda ikiwa kubwa na mito ikiwa imejaa maji, lori lilipita ziwani na mchanga ukachanganywa. Wafyatuaji wengine hawakujisumbua hata kuchanganya. Nilimkabili.

"Unauchukua mchanga na unaurudisha. Hiyo ni hesabu gani?"

"Wewe vyombo unavyoviosha, nani anavichafua?"

"Siyo sawa na hilo."

"Siyo sawa," alikubali, akaendelea kukoroga. Hiyo ilikuwa tabia yake mbaya kuliko zote, kukubali kwamba una haki kisha asibadilike.

Kwa nini aliurudisha, hilo linahitaji maelezo ya desturi moja ya akina mama wa familia zetu, wale ambao bibi zao walikuja bara na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaolewa huku na kubaki. Kule walikotoka, mjane akimaliza eda hupelekwa baharini alfajiri kuoga, avue nguo za msiba, avae kanga mpya, apakwe manukato, arudi nyumbani kwa vigelegele. Huku hakuna bahari. Bibi hao walitazama huku na huko, wakaona Singidani, maji ya chumvi, mawimbi kidogo upepo ukivuma, wakasema inatosha. Mahali penyewe ni uwazi mdogo katikati ya mawe makubwa, upana wa vitanda vitatu au vinne, ambapo mawe yanamzuia mjane asionekane na wapita njia. Zamani pale palikuwa na mchanga mnene wa kokoto ndogo uliotelemka taratibu hadi majini. Mama Tofali, baada ya mama yake, ndiye aliyekuwa akiwashika wajane mkono kuwaingiza.

Nilimuuliza sheikh wa mtaa kama jambo hilo limo kwenye dini. Alisema halimo, ila mwanamke kuoga hakujakatazwa. Nilimpelekea Mama Tofali jibu hilo kama mtu anayepeleka ushindi.

"Ulikwenda kumuuliza mwanamume kama tuoge?" alishangaa. Basi. Mjadala ulikwisha.

Malori yalipouchota mchanga ule, yakiwemo yake, chini yake lilibaki tope jeusi la ziwa, lile linalonuka na kuvuta mguu. Mwaka mmoja alimpeleka bibi mmoja mzee, mjane wa muuza nyama. Bibi aliingia analia, hakutazama chini, akazama hadi mapajani. Wanawake walivuta, kanga ikabaki topeni, na mzee wa watu akatolewa mweusi toka kiunoni, akitetemeka. Alisema, "Jamani, mmenizika nusu." Hakuna aliyepiga kigelegele. Walirudi naye kwa njia ya nyuma, na kwa watu wetu hilo ni zito: mwanamke anayetoka eda hutoka safi mbele ya mtaa mzima, au huonekana kama hajatoka. Yule bibi aliishi miaka mingine, lakini hakupenda tena kwenda harusini. Mama Tofali alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo.

Tripu ya kwanza aliyomwaga pale ilikuwa mchanga mzuri wa mtoni, laini, ule anaouchagua kwa plasta. Alidhani kizuri kwa nyumba ni kizuri kwa wajane. Upepo wa Singida, wanaoufahamu vizuri wote waliowahi kupoteza kofia pale stendi, ulivuma siku chache, mawimbi yakafanya kazi, ziwa likageuka rangi ya kahawia hadi mbali, mchanga ukaisha.

"Mama," dereva akasema, "tumelinywesha ziwa chai ya maziwa."

"Funga mdomo, ugeuze lori."

Suluhisho lilitoka kwenye chekecheo. Mfyatuaji huchekecha mchanga; ule laini unapita chini unakuwa tofali, na mbegembege, zile punje kubwa na kokoto ndogo zinazobaki juu, hutupwa au huuzwa kwa wanaomwaga sakafu. Mama Tofali akaanza kuitunza mbegembege hiyo kwenye kona ya uwanja, chini ya turubai, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila mwaka mvua zikiisha, kabla upepo mkali wa kiangazi haujaanza, lori lilibeba lundo lile hadi ziwani. Mchanga wa namna ile ulikuwa mzito, ulikaa. Haukukaa milele. Kila mwaka ulipungua, na kila mwaka aliuongeza.

Kisha alikuwa akiupima. Hilo nililiona kwa macho yangu nikiwa na umri wa kubeba ndoo. Alivua mabuti, akafumba macho, akajifunika kanga usoni, akatembea kutoka kwenye mawe hadi maji yakamfika kiunoni. Akijikwaa alirudi, mchanga ukaongezwa, akarudia. Dereva aligeuzwa kutazama mlimani muda wote huo.

"Kwa nini ufumbe?" niliuliza.

"Mjane hatazami chini. Mguu wake ndio utazame."

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilimwandalia hotuba. Nilimchorea kwa kijiti jinsi upepo unavyosukuma wimbi kwa mshazari, wimbi linavyobeba punje kuelekea upande mmoja, na kwamba asipozuia malori na asipojenga ukuta wa mawe unaoingia majini, atakuwa anamwaga sukari kwenye chai. Alisikiliza vizuri, hata akasahihisha upande wa upepo.

"Kwa hiyo unasema utaondoka."

"Utaondoka kila mwaka."

"Na wewe kwenu hamfagii kila siku? Umemwona nani aliyefagia mara moja akamaliza?"

Nilimwambia kufagia hakugharimu lori. Akasema nimuulize mumewe gharama ya lori lile. Fundi akainua macho kutoka kwenye suruali, sindano mdomoni, akasema, "Cherehani," na akarudi kwenye kazi yake. Sote tukacheka, naye akacheka, ingawa sijui hata leo kama ilikuwa mzaha. Ukuta wa mawe niliomshauri aliujenga, mfupi, upande alioutaka yeye. Ulisaidia kidogo. Hakunishukuru na hakuubomoa.

Aliamini mambo ambayo sikuweza kumwondolea. Aliamini Singidani ina njia chini ya ardhi hadi baharini, na ndiyo maana ina chumvi. Nilimweleza kuhusu maji yasiyo na pa kutokea na jua la miaka mingi. "Hiyo nayo inawezekana," alisema, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende. Alikuwa bahili wa sukari kupita kiasi. Nyumbani kwake chai ilikuwa na rangi tu. Lakini mjane yeyote, hata wa familia iliyomdhulumu, alipata kanga mpya kutoka kwake. Mjane mmoja Mkristo kutoka Ikungi, aliyepanga chumba mtaani kwetu, alimwomba naye apelekwe ingawa kwao hakuna eda. Alimpeleka. Mchungaji alinung'unika na sheikh alinung'unika, kila mmoja kwa sababu yake, na yule mama alirudi amepakwa karafuu, anaimba pambio.

Mbele za watu aliniita "msomi wetu". Tukibaki wawili aliniambia, "Chuo kimekufundisha kukataa. Kukubali utafundishwa na nani?" Nilimjibu kwamba walionifundisha kukubali walikuwa wengi mno tangu utotoni. Alicheka sana kwa hilo, akalirudia kwa wateja wiki nzima kama lake.

Safari moja alikuja Dar es Salaam kufuata saruji ya bei ya kiwandani. Nilikuwa bwenini, nikamwomba siku moja nimtembeze. Hakuwahi kuiona bahari, yeye aliyeishi akiwaogesha watu kwa niaba yake. Nilimpeleka kwenye fukwe za kaskazini mwa mji, nikitarajia anyamaze kwa mshangao. Tulikuta hoteli ambayo bahari ilikuwa imekula uwanja wake. Ngazi zilining'inia hewani, minazi imelala chali, na vibarua walikuwa wakishusha mchanga kwenye lori na kuusambaza kwa reki chini ya ukuta uliopasuka. Mama Tofali alisimama na viatu mkononi. Halafu akaangua kicheko mpaka vibarua wakageuka.

"Kumbe hata hawa! Hata wenye bahari yao!"

Akawauliza wanautoa wapi mchanga. Mmoja akamwambia, mtoni, juu huko. Akauchota kidogo, akausugua kwenye kiganja. "Laini huu," akamwambia. "Utanywewa." Yule kibarua akasema, "Mama, sisi tumeambiwa kumwaga tu." Tukiwa kwenye basi la kurudi mjini aliegemeza kichwa dirishani. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anahuzunika. "Bibi yangu aliniambia kule mchanga hauishi," alisema. Hakutaja bahari tena safari nzima.

Mumewe alifariki Novemba, mwaka ule mvua zilipozidi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na niko nyumbani, maana serikali ilikuwa imeacha kumpa kazi kila aliyehitimu, na barua zangu za maombi zilikuwa hazijibiwi. Nikawa napita kwake kila siku. Ilikuwa ajabu kumwona amevaa nguo nyeupe, ameketi, mikono haina saruji. Uwanja aliuendesha kwa sauti, kutoka nyuma ya pazia la dirisha, na dereva akijibu huko nje kwa adabu ambayo hakuwa nayo siku zote. Cherehani ya fundi ilikuwa imefunikwa kitambaa pale barazani. Siku moja nikamkuta ameshika suruali moja ya mteja, haijamalizwa kubanwa, pini bado ziko kiunoni.

"Nani sasa atamaliza?" aliniuliza.

Miezi minne na siku kumi ya eda ilipokaribia kwisha, aliniita karibu.

"Nenda kanitazamie pale mahali. Uje uniambie kweli. Wengine wataniambia ninachotaka."

Nilikwenda. Ziwa lilikuwa limepanda sana, mawimbi yanapiga mawe ambayo zamani tuliyakalia, na uwazi wetu ulikuwa maji machafu. Nilivua kiatu nikajaribu kwa mguu. Tope. Nilichomoa mguu kwa mikono miwili. Mbegembege ya mwaka uliopita ilikuwa imesombwa na hakuna aliyekuwa ameongeza nyingine, maana mwenye wazo hilo alikuwa ndani, na lundo la kona ya uwanja lilikuwa limeuzwa kwa watu wa sakafu.

Njiani nilifikiria kumdanganya. Sijawahi kufikiria uongo kwa upendo mkubwa namna ile. Lakini alikuwa amenituma mimi kwa sababu ya tabia yangu, si kwa sababu nyingine.

"Umekwisha wote," nilimwambia. "Ni tope mpaka kwenye mawe."

Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua upindo wa nguo yake nyeupe. Nilijua anamwona nani: bibi yule wa muuza nyama.

"Twende lile ziwa jingine, Kindai," nilipendekeza. "Au uoge nyumbani. Hakuna aya inayokulazimisha."

"Niliowapeleka wote niliwapeleka pale." Kisha akapaza sauti kuelekea dirishani. "Dereva!"

"Naam, mama."

"Mchanga wote uliopo uwanjani uchekechwe upya. Wote. Ule laini mrundike pembeni. Mbegembege ipelekwe ziwani."

"Mama, huo ni wa oda ya Misigiri. Watu wameshachimba msingi."

"Misigiri watasubiri. Mimi si nimesubiri?"

Nikaona ni wajibu wangu kusema. Nilimwambia ziwa bado linapanda, mvua za Machi hazijamaliza, mchanga ule hautakaa hata mwezi, ni kazi ya kutupa.

"Hautakaa mwezi?"

"Hautakaa."

"Mimi nauhitaji asubuhi moja."

Walichekecha siku tatu. Nilishika chekecheo mwenyewe, upande mmoja mimi, upande mwingine dereva, ambaye alinitania kwamba hatimaye shahada imepata kazi. Tulimwaga pale kwenye mawe, tukasambaza, na kwa kuwa yeye hakuweza kuja kuupima, niliupima mimi, kanga usoni, macho nimefumba, dereva akitazama mlimani. Mara ya kwanza nilijikwaa. Tukaongeza. Mara ya pili mguu ulikwenda wenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na mawingu na upepo kidogo. Wanawake waliokuja walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wengi wao wajane aliowahi kuwashika mkono, na ukawa ubishi wa chinichini nani amwingize yeye. Yeye ndiye aliyeamua. Aliunyoosha mkono wake kwangu.

"Mimi sijui maneno yanayosemwa," nilimnong'oneza.

"Hakuna maneno. Shika tu."

Alishuka analia, hakutazama chini. Alifika kiunoni bila kujikwaa, akajizamisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatoka maji yakimchuruzika usoni, na wanawake wakapiga vigelegele hadi ndege wa ziwani wakaruka. Walimvisha, wakampaka karafuu, wakaanza kupanda kuelekea njiani wakiimba. Yeye akabaki. Alikuwa anatazama ukingo ambapo maji yalikuwa yanarudi na rangi ya kahawia, wimbi baada ya wimbi, yakibeba mbegembege yetu kidogo kidogo kuelekea kwenye mawe ya upande wa pili, kama nilivyomchorea zamani kwa kijiti.

"Unaondoka tayari," alisema.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia." Hakuuachia mkono wangu. "Basi simama hapa na mimi, maadamu bado pana pa kusimama."

Kule juu wenzetu walikuwa wakituita. Nilivua tena viatu, nikasimama naye.